Jinsi ya kuipata baa ya upande wako Glasgow: soma ukuta kabla ya kusukuma mlango

Kila msimu napokea wageni wanaofika Glasgow kwa mara ya kwanza, na wakishaweka mizigo tu swali linakuja: "Mechi tunaangalia wapi?" Ukiiuliza simu, itakumwagia baa chungu nzima pamoja na saa za kufunga. Haitakuambia baa hiyo ni ya nani, na katika mji huu hilo ndilo swali lenyewe.

Sisi tumezoea kuwaita mahasimu wa mji mmoja watani wa jadi. Kwa Celtic na Rangers, klabu mbili kubwa za mji huu wa Uskoti, neno utani linapwaya. Mpira wa hapa umebeba dini, asili ya familia na siasa za Ireland na Uingereza, na baa ndiko mambo hayo yote yanakokaa meza moja. Mwongozo huu ni kwa mwenye upande wake anayetaka kukaa kwa raha na wenzake, na pia kwa asiye na upande ambaye hataki kukosea mlango.

Hatua ya 1: Jua kwanza unatafuta nini

Celtic ilianzishwa mwaka 1887 na Bruda Walfrid, mtawa kutoka Ireland, ili kuchangisha fedha za kuwalisha watoto maskini wa mashariki ya mji. Wengi wao walitoka familia za Kikatoliki zilizovuka bahari kukimbia njaa na ufukara. Rangers ni wakubwa kwao, wa mwaka 1872. Hao hawakuanza kama timu ya dini, lakini kadiri miaka ilivyosonga wakawa timu ya Waprotestanti, hasa mtaa wa Govan kwenye viwanda vya meli. Mwaka 1912 kampuni ya Harland and Wolff ya Belfast ilianza kuunda meli hapo Govan, na misimamo ya Waprotestanti wa Belfast, mji wa kaskazini mwa Ireland, nayo ikapata makao. Kwa miongo mingi Rangers hawakusajili mchezaji mkubwa anayejulikana kuwa Mkatoliki. Walipomchukua Mo Johnston mwaka 1989, mtu aliyewahi kuvaa jezi ya Celtic, kuna mashabiki waliochoma skafu zao.

Kwa hiyo ukisema "natafuta baa ya Celtic", mara nyingi umeomba pia baa inayowaunga mkono wanaotaka Ireland nzima iwe jamhuri moja, na yenye harufu ya siasa za mrengo wa kushoto. Ukisema "baa ya Rangers", umeomba baa inayoutetea Muungano wa Uingereza, mfalme na jeshi. Si kila aliyeketi humo anaamini hivyo. Nina rafiki, Celtic wa damu, ambaye siasa za Ireland hazimnyimi usingizi hata kidogo. Ila ukutani ndivyo ilivyoandikwa, nawe utakaa chini ya ukuta huo kwa saa tatu. Amua kabla kama unaweza.

Hatua ya 2: Tafuta mtaa, usitafute uwanja

Mgeni hudhani baa zilizo karibu na uwanja ni za wenye uwanja. Mara nyingi ni kweli. Kando ya Ibrox, uwanja wa Rangers, na kwenye Paisley Road West, ambako iko District Bar, uko kwa Rangers bila shaka. Shuka kituo cha Ibrox au Cessnock kwa treni ya chini ya ardhi, ufuate jezi za bluu.

Upande wa mashariki ndipo watu wanapopotea. Chukua kituo cha treni cha Bellgrove. Ukitoka hapo ukashika njia ya kusini, unatokea Gallowgate, barabara ya soko la Barras, na hapo Celtic wako kwao: The Hoops Bar iko hapo, na Bar 67 pia. Ukitoka kituo hicho hicho ukashika njia ya kaskazini, baada ya mwendo mfupi uko Duke Street, kwenye Louden Tavern na Bristol Bar, na zote mbili ni za Rangers. Yaani baa za Rangers ziko upande ule ule wa mji ulio na uwanja wa Celtic. Kituo ni kimoja na mtaa unaitwa mashariki kwa wote, ila ukikosea kona moja umeingia kwa wenzio.

Nimezitaja kwa majina kwa sababu zinajulikana mji mzima na zenyewe hazijifichi. Hata hivyo baa hubadilisha wamiliki na nyingine hufungwa, kwa hiyo hakikisha bado ipo kabla ya kufunga safari.

Hatua ya 3: Soma ukuta

Hapa simama. Hatua hii usiikimbilie, kwa maana ukiishika vizuri hutahitaji orodha ya mtu yeyote. Kaa ng'ambo ya barabara dakika mbili, tazama kibao cha jina, madirisha na bendera.

Rangi kila mtu anazijua, kijani na nyeupe kwa Celtic, bluu kwa Rangers, na chungwa kwa upande wa Rangers wenye mapenzi na Waprotestanti wa Ulster, kaskazini mwa Ireland. Lakini rangi inaweza kukudanganya. Katikati ya mji kuna baa zilizopakwa kijani, zenye majina ya Kiairishi na vinubi vya dhahabu ukutani, ambazo ni za watalii na wafanyakazi wa ofisini tu. Pambo la Kiairishi halitoshi kuifanya baa kuwa ya Celtic.

Mimi naamini zaidi nambari. Ukiona 67, ni Celtic: tarehe 25 Mei 1967 waliifunga Inter 2-1 mjini Lisbon na kuchukua Kombe la Ulaya, wakiwa na wachezaji kumi na mmoja waliozaliwa kandokando ya Glasgow, wa mbali kabisa akiwa kilomita hamsini hivi. 1888 pia ni yao, mwaka wa mechi yao ya kwanza. 1872 ni Rangers, na 1972 ni kombe lao la washindi wa Ulaya, walilolitwaa Barcelona. 55 ilikuwa alama ya Rangers peke yao tangu ubingwa wa mwaka 2021, hadi Celtic nao walipofikisha mataji 55 ya ligi mwaka 2025. Sasa nambari hiyo peke yake haitoshi, tazama imechorwa kwa rangi gani.

Na zipo nambari zisizohusu mpira kabisa. 1690 ni mwaka wa vita vya mto Boyne, Mfalme William Mprotestanti alipomshinda James Mkatoliki. Hiyo ni ya upande wa Rangers. 1916 ni uasi wa Pasaka mjini Dublin dhidi ya utawala wa Waingereza. Sura ya James Connolly, aliyezaliwa Edinburgh na kuuawa na Waingereza baada ya uasi huo, utaikuta upande wa Celtic. Ukiona mojawapo ya miaka hii miwili dirishani, jua umefika kwenye baa ya siasa ambayo mpira ni mlango wake tu.

Bendera nazo zisome hivyo hivyo. Ile ya Ireland ya rangi tatu ni Celtic. Ya Palestina pia, zaidi sana tangu mwaka 2016 mashabiki walipoipeperusha kwenye mechi dhidi ya Hapoel Be'er Sheva ya Israeli, UEFA ikaiadhibu klabu, nao wakageuka kuchangia misaada ya Wapalestina. Bendera ya Muungano na ile ya Ulster yenye mkono mwekundu ni Rangers. Ya Uskoti, bluu yenye msalaba mweupe wa mshazari, peke yake haikuambii timu. Siku hizi inaweza kuwa ya wanaotaka Uskoti ijitenge, na Glasgow walikuwa wengi: kwenye kura ya maoni ya 2014 nchi ilikataa, mji huu ukakubali.

Hatua ya 4: Jisome na wewe

Ukuta ukishausoma, jua nao wanakusoma. Majira yangu ya baridi ya kwanza hapa nilinunua koti zito la kijani kwa sababu lilikuwa la bei nafuu, nikaingia nalo kwenye baa moja ya Duke Street kupata joto. Sikuwa na timu wakati ule. Mazungumzo hayakukatika, yalishuka sauti tu, kama redio iliyopunguzwa. Mama aliyekuwa kaunta, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alinitazama akaona mgeni. Akaja mpaka mwisho wa kaunta, akaniinamia na kuniambia taratibu: "Lining'inize pale nyuma ya mlango, mwanangu, ndipo ukae." Nikalivua, akanimiminia painti, na sauti zikarudi. Yule mama alinisaidia kuliko kitabu chochote cha wageni, na hadi leo simwachi mgeni wangu atoke nyumbani kabla sijamtazama kuanzia kofia hadi kamba za viatu.

Kama huna upande, vaa nyeusi, kijivu au kahawia. Kama unao, skafu iwe mfukoni mpaka uwe ndani.

Beba pasipoti au kitambulisho chenye picha na tarehe ya kuzaliwa. Umri wa kunywa ni miaka 18, lakini sheria ya Uskoti inawataka wauzaji wamwombe kitambulisho yeyote anayeonekana kuwa chini ya 25.

Hatua ya 5: Nenda kwanza siku isiyo na mechi

Jumanne au Jumatano alasiri ndiyo saa ninayoipendekeza. Baa ina wazee wanne watano, televisheni imepunguzwa sauti, na mhudumu ana nafasi ya kuongea. Agiza kaunta, lipa hapo hapo. Ukiingizwa kwenye raundi ya watu, zamu yako ikifika nunua ya wote. Anayekunywa raundi tatu kisha akaaga hakumbukwi kwa wema.

Usimuulize mtu "wewe timu gani?" kama salamu. Uliza picha: "Yule pale ukutani ni nani?" Swali hilo linafungua vifua. Kwa Celtic, sema umetoka Afrika Mashariki uone jinsi jina la Victor Wanyama litakavyojitaja lenyewe. Kile kichwa chake cha tarehe 7 Novemba 2012, Barcelona walipolala 2-1, bado kinasimuliwa kwa mikono miwili. Kwa Rangers, taja bao la Joe Aribo kwenye fainali ya Ligi ya Europa mwaka 2022 kule Sevilla, kisha uwe na subira, kwa sababu mikwaju ya penalti bado inawauma.

Ukiulizwa ulisoma shule gani, elewa kwamba huulizwi elimu. Uskoti ina shule za serikali za Kikatoliki tangu sheria ya 1918, na jina la shule linatosha kumwambia mtu dini ya nyumbani kwenu. Mgeni ana bahati hapa: taja shule yako ya nyumbani, fumbo linaishia hapo.

Mambo mawili usiyaguse mpaka uzoeleke. La kwanza ni mwaka 2012, kampuni iliyoiendesha Rangers ilipofilisika na timu ikaanzia ligi ya daraja la nne. Celtic husema klabu ile ilikufa, Rangers husema klabu haijawahi kufa, na ndiyo maana 1872 imeandikwa kwa herufi kubwa kiasi kile. La pili linatokana na la kwanza: jina "Old Firm" ambalo dunia nzima hulitumia kwa mechi yao, mashabiki wengi wa Celtic hawalitaki tena.

Hatua ya 6: Siku ya mechi

Baa hapa ina uzito kuliko miji mingi kwa sababu ya jambo lililotokea tarehe 10 Mei 1980. Celtic waliifunga Rangers 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Uskoti pale Hampden, mashabiki wakaingia uwanjani na kupigana. Mwaka ule ule sheria ikapiga marufuku pombe majukwaani, na mpaka leo shabiki wa kawaida hanywi uwanjani. Kisha mwaka 2018 klabu hizi zilipunguziana tiketi za ugenini kutoka maelfu hadi mia nane hivi, na hata zilipoongezwa tena mwaka 2025 hazikufikia zile za zamani. Wengi wanaosafiri na timu wanabaki mjini, na mji kwao maana yake ni baa.

Mechi ya mahasimu huanza mapema, mara nyingi saa sita au sita na nusu mchana. Fika asubuhi. Mabasi kutoka Belfast yameshavuka na feri, na wenye viti vyao vya miaka yote wameshakaa. Mlangoni baunsa anaweza kukuuliza unatoka wapi na uko na nani. Mjibu kwa utulivu, usifanye mzaha. Jina la mwenyeji anayejulikana humo ndani lina nguvu kuliko jezi mpya.

Kuhusu nyimbo nasema kwa uzito: usiimbe usichokielewa. Nyingine ni za kuisifu timu, nyingine ni za kuwakejeli Wakatoliki au kuwasifu waliobeba bunduki. Tangu mwaka 2003 sheria ya Uskoti huongeza uzito wa kosa lililochochewa na chuki ya dini, na ugeni wako hautakutetea. Piga makofi, tazama midomo ya jirani yako, uliza mapumziko yakifika.

Kama yote haya yamekuchosha, zipo baa nyingi katikati ya mji zenye kibao mlangoni kisemacho jezi na skafu za mpira haziruhusiwi. Wanamaanisha. Au nenda mtaa wa Maryhill kwa Partick Thistle, timu nyingine ya mji huu. Wanaotaka siasa bila dabi nawapeleka Scotia Bar, Stockwell Street, baa kongwe ya waimbaji wa nyimbo za kienyeji na wabishi wa mrengo wa kushoto.

Kipenga cha mwisho kikilia, ngoja kama nusu saa ndani. Umati wa mitaani upungue kwanza. Kisha vua skafu na utoke kwa mlango ulioingilia. Kama unarudi kwa treni ya Bellgrove, kumbuka waliotoka Duke Street wanasubiri kwenye jukwaa lile lile.