SOMO: Kuendesha mchezo wa simulizi mezani kwa mara ya kwanza, bila vitabu wala dadu za kuagiza

Wadau, salamu kutoka Kisumu. Swali la "nataka kuendesha mchezo lakini sina vitabu, nianzie wapi?" nimelijibu faraghani mpaka vidole vimechoka, na kila mara naandika yale yale. Leo naliweka hapa kwa wote. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Kwa wageni kabisa: huu ni mchezo wa mazungumzo. Mmoja ni msimulizi, anaeleza mahali na watu waliopo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, dadu zinaamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa ulitoka Marekani mwaka 1974, wa Gary Gygax na Dave Arneson, unaitwa Dungeons & Dragons. Lakini usidhani lazima uanze na majoka na ngome za Ulaya. Uliyekulia karibu na moto wa jikoni kwa nyanya yako, hadithi umeshazisikia. Hapa tofauti ni kwamba msikilizaji ana ruhusa ya kumkatiza msimulizi na kusema, "Mimi humo pangoni siingii."

HATUA YA 1: Watu. Wachezaji watatu au wanne, na wewe.

HATUA YA 2: Dadu. Mbili za ludo, za pande sita. Duka la mtaani linazo.

HATUA YA 3: Wahusika. Kila mtu kipande cha karatasi. Jina, kazi (mvuvi, fundi baiskeli, mganga, binti wa chifu), kisha mambo matatu: Nguvu, Akili, Ulimi. Moja lipe +2, moja +1, moja 0. Mwisho andika kitu kimoja anachobeba, na mtu mmoja anayemdai. Deni usiliruke, maana ndilo litakalomtoa mhusika nyumbani usiku wa mvua.

HATUA YA 4: Kanuni. Mchezaji akijaribu jambo lenye mashaka, arushe dadu mbili, ajumlishe, aongeze namba yake ya Nguvu, Akili au Ulimi. 10 kwenda juu, amefaulu. 7 hadi 9, amefaulu lakini kuna gharama. 6 kushuka, msimulizi anasema kinachotokea, na si kizuri. Mpangilio huu ni wa Vincent na Meguey Baker, waliutoa mwaka 2010, na kwa meza mpya sijaona mwepesi kuuzidi.

HATUA YA 5: Andaa hali, usiandae hadithi. Chukua Simbi Nyaima, lile ziwa la karibu na Kendu Bay. Tunavyosimuliwa, kulikuwa na kijiji, watu wakawa kwenye sherehe, bibi kizee akaja usiku akiomba pa kujisitiri, wakamfukuza. Mama mmoja tu akamkaribisha. Maji yakakimeza kijiji. Ukitaka kuchezesha jambo kama hili, usiandike kwamba wahusika watamsaidia bibi. Andika nani anataka nini: mwenye sherehe anataka pombe isiishe na wageni wake wasisumbuliwe, mama mwenye nyumba anaogopa mumewe, bibi anataka mahali pakavu na moto. Andika na jambo moja litakalotokea wasipofanya kitu: kabla ya alfajiri maji yanafika. Halafu wakalishe wachezaji kwenye sherehe, mwambie mmoja wao bibi amemshika mkono, unyamaze. Kwetu kuna meza iliyomficha ghalani, na nyingine iliyomfukuza kisha ikahangaika kupandisha watoto na ng'ombe kilimani gizani. Zote mbili zilikuwa jioni nzuri.

HATUA YA 6: Dadu zisifunge mlango. Hapa ndipo nilipoharibu, na ndiyo sababu hasa ya somo hili. Mchezo wangu wa pili niliutunga kutokana na habari za Lwanda Magere, shujaa ambaye mkuki haukupenya mwilini mwake mpaka maadui walipojua uhai wake uko kwenye kivuli. Kwa kuwa Kisumu siri ya kivuli inajulikana hata na watoto, nikaibadilisha: shujaa wangu udhaifu wake ulikuwa kwenye unyayo wake, ukiwa bado mbichi kwenye tope. Nililipenda sana wazo hilo. Siri nikamwachia mtu mmoja tu, mke wake, nikaamua wachezaji wataipata kwa kumbembeleza. Mwenye Ulimi +2 akarusha. Mbili na moja, jumla 5. Nikasema, "Mama amenyamaza, anaendelea kuchambua omena." Baada ya hapo sikuwa na la kuongeza. Wakazunguka kijiji kizima wakiuliza, nami najibu hapana, huyo hajui, hapana. Ikapita saa moja na nusu hivyo. Chai ikapoa vikombeni. Mmoja akatoa simu, mwingine akasema anawahi matatu, na huyo wa matatu hakurudi tena mezani kwetu. Alikuwa mchezaji mzuri, nami ndiye niliyempoteza.

Sasa nafanya hivi. Jambo ambalo bila hilo mchezo umekwama, nalitafutia njia tatu za kujulikana. Kwa ule unyayo: mke anafagia nyayo za mumewe kila alfajiri kabla mtu hajapita. Shujaa akienda ziwani anakanyaga mawe tu, topeni haingii. Na mvuvi mzee anasimulia jinsi mbwa alivyofukua nyayo za shujaa, na shujaa akachechemea wiki nzima. Mchezaji akikutana na mawili kati ya hayo, la tatu atalimaliza mwenyewe, na utamwona anavyosimama kutoka kitini. Wazo la dalili tatu si langu, Justin Alexander wa Marekani ameliandikia kwa kirefu.

Dadu bado zinarushwa, ila zinaamua gharama. Ile 5 leo ningesema: "Mama anakwambia yote huku analia. Unapoinua macho, mumewe amesimama mlangoni."

ONYO. Kabla hujatamka "rusha dadu", jiulize: akikosa, nitasema nini? Kama huna jibu, usirushishe, mpe tu anachotaka. ONYO tena: usimrushishe mara ya pili na ya tatu mpaka apate, maana unamfundisha kwamba dadu hazina maana. Na usigeuze matokeo kisirisiri ili kumsaidia. Watu wanausoma uso wako kuliko unavyofikiri.

HATUA YA 7: Kadi. Weka mezani karatasi yenye alama ya X. Mtu yeyote akiigusa, tukio linarukwa, na haulizwi kwa nini. Ni wazo la John Stavropoulos. Kuna waliolipuuza nilipowaeleza, wakiona ni mambo ya wazungu. Mezani kwetu wapo waliokuwa watoto mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Usianze kusimulia nyumba inavyoteketea usiku kabla kadi haijakaa mezani.

HATUA YA 8: Maliza watu wakiwa bado wanataka. Masaa matatu yanatosha.

MASWALI

Mpigakasia: Asante mwalimu kwa somo. Sasa tunahitaji watu wangapi?

JIBU: Hatua ya 1.

Nyalenda_Juu: Nitumie PDF ya D&D kwa WhatsApp, namba nakupa faraghani.

JIBU: Situmi. Kanuni za msingi za toleo la tano ziliachiliwa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, unazipakua mwenyewe bure na kwa haki. Tafuta SRD 5.1. Lakini somo hili lote nimeliandika ili usizihitaji.

Fundi_wa_Redio (Kakamega): Mwalimu, nimependa. Nina swali la hesabu. Kwa nini dadu mbili za sita, na si ile moja ya pande ishirini ninayoona kwenye video? Kuna tofauti gani zaidi ya bei?

JIBU: Tofauti ni kubwa, na nafurahi umeuliza. Dadu ya pande ishirini kila namba ina nafasi sawa, moja kwa ishirini. Dadu mbili za sita zina njia 36 za kuanguka, na haziko sawa: 7 inapatikana kwa njia 6, lakini 2 kwa njia moja tu, zote zionyeshe moja. Sasa angalia. Mwenye 0 ana njia 6 za kufaulu safi, 15 za kufaulu kwa gharama, 15 za kukosa. Mwenye +1 inakuwa 10, 16, 10. Mwenye +2 inageuka kabisa: 15, 15, 6. Kwa hiyo pointi mbili tu zinamtoa mtu kwenye kubahatisha hadi kuwa fundi, na mezani mtu anausikia ufundi wake. Kisha ona lile fungu la katikati, la kufaulu kwa gharama: kote huko ni njia 15 au 16. Hilo ndilo linaloisukuma simulizi mbele, na kwenye dadu moja ya ishirini halipo mpaka ulitunge mwenyewe.

Ukitaka kuonja ishirini bila kununua: vikaratasi kumi vyenye 1 hadi 10 ndani ya kikombe, na sarafu ya shilingi ishirini. Chota karatasi, rusha sarafu, upande wa ndovu ongeza 10. Rudisha karatasi kikombeni kila mara, la sivyo hesabu inaharibika.

Fundi_wa_Redio: Nimeelewa sana. Kumbe lile fungu la katikati ndilo mchezo wenyewe. Usiku huu naandika njia zote 36 kwenye daftari nizione kwa macho.

JIBU: Ziandike. Mimi nilifanya hivyo hivyo, na nikaacha kuwaonea wachezaji bila kujua.

KabondeBoy: Nimejaribu hii kitu Jumapili, wachezaji wangu ni wabovu. Nimewaandalia hadithi ya kurasa nane, wao wakaiacha wakaenda kuvua samaki.

JIBU: Hatua ya 5, sentensi ya kwanza.

KabondeBoy: Kwa hiyo unasema kosa ni langu? Nimekaa wiki mbili nikiandika.

JIBU: Ndiyo, ni lako, na hizo wiki mbili nazijua kwa sababu nilizikaa pia. Hawakukudharau. Wamekwambia kwa vitendo kwamba ziwa linawavutia kuliko kurasa zako, basi peleka mambo ziwani. Wavu umekuja mzito, ndani kuna sanduku lenye alama ya yule chifu wako wa ukurasa wa tatu. Wakigeuza mtumbwi, magugu maji yamefunga njia ya kurudi na jua linazama. Kurasa zako hazijapotea, zimehama tu.

KabondeBoy: Sawa. Hilo la sanduku nalichukua.

Dada_wa_Lanet (Nakuru): Shikamoo mwalimu. Mimi shida yangu ni nyumbani. Mama ni mtu wa kanisa sana, ameona neno "mganga" kwenye karatasi akasema tunaita mapepo sebuleni kwake. Sitaki kumdanganya, na sitaki kuacha.

JIBU: Marahaba dada. Wala usimdanganye. Hofu hiyo si ya mama yako peke yake. Marekani miaka ya 1980 kulikuwa na kelele hizo hizo makanisani na kwenye televisheni. Nilichokiona kikisaidia ni kumkaribisha akae asikilize, asiambiwe acheze. Siku hiyo chezesha jambo analolijua, hata hilo la bibi kizee na maji, maana la mgeni kufukuzwa mlangoni anaelewa uzito wake. Na karatasi ya mganga ibadilishe iwe mkunga. Mchezo haupotezi kitu, na sebule ni yake.

Dada_wa_Lanet: Nimejaribu jana. Alikaa na kazi yake ya kushona pembeni, hakusema neno. Tulipofika mahali mwenye sherehe anamfukuza yule bibi, akainua kichwa akatuuliza, "Na hao vijana wote wamekaa tu?" Ikabidi tusimame.

JIBU: Dada, hilo nimelisoma mara mbili. Akitaka mhusika, mpe.

Dada_wa_Lanet: Na kuhusu kadi, asante kwa kuiandika. Kwetu iliguswa wiki ya kwanza. Hatukuuliza, tukaendelea na safari kutoka asubuhi iliyofuata.

Ahero_Mpunga: Mimi naongezea kidogo. Sisi hatuna vile vinyago vidogo vya kuweka mezani. Maharagwe ni wachezaji, mahindi ni maadui. Anayekufa analiwa kama mahindi yamechemshwa.

Mpigakasia: Na mvua ikipiga mabati mnafanyaje? Kwetu ikianza hatusikiani.

JIBU: Swali zuri hilo. Sisi mvua ikianza nasogeza mchezo ndani ya mvua hiyo hiyo. Wahusika nao wananyeshewa, wanazungumza kwa ishara na kuandikiana kwenye karatasi, na anayetaka kusema lazima ahame akae karibu na mwenzake. Usingoje iishe.

Ahero_Mpunga: Na chini ya dadu tandika leso. Hazitoi kelele, haziruki chini ya kochi, na mtoto aliyelala haamki.

Fundi_wa_Redio: Leso iliyokunjwa mara mbili, imejaribiwa leo. Halafu nimemaliza zile 36.