Vitu vya kuogea vya safari, chukua vinavyokauka fasta

Kwa joto hili la Dar lenye unyevu, taulo zito la pamba halikauki usiku mmoja, ukilikunja hivohivo asubuhi ukapanda basi pale Mbezi ujue linafika Mbeya linanuka, kwahiyo tafuta la maikrofaiba, Kariakoo yapo kibao, au beba kanga nyepesi tu, mi naona kanga ndo inashinda maana unajifunga, unajifutia, unaanika dirishani na chap imekauka. Dodoki nene achana nalo linatunza maji katikati, la wavu linatosha. Kiboksi cha sabuni kiwe na matundu chini. Ndala za plastiki, za kitambaa hapana kabisa. Na kama unapanda ndege kwenda nje, shampuu ya begi la mkononi chupa isizidi mililita 100.