Pingili safi za muhogo: anzia majani ya chini

Mwaka wa kwanza nilipoamua kuuza mbegu ya muhogo, yaani miti ya kupanda, badala ya muhogo wenyewe, nilinunua mizigo ya miti kutoka shamba moja huku kwetu Muheza. Shamba lilipendeza kweli: miti imenyooka, vilele vya kijani, hakuna jani lililojikunja. Miezi kumi baadaye nikang'oa shina la kwanza kwenye shamba langu, nikakata mzizi mnene kama mkono. Ganda safi kabisa. Ndani mabaka ya kahawia, makavu, magumu, kama kizibo. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu nikaacha kuhesabu. Haukufaa makopa, haukufaa bada, na mbegu yake ndiyo kabisa usiseme.

Ugonjwa huo ni michirizi ya kahawia, nao unaletwa na virusi. Cha kuchekesha, kama unaweza kucheka, ni kwamba dunia iliusoma kwa mara ya kwanza kutoka hapa hapa kwetu. Mwaka 1936 mtafiti H. H. Storey aliuandika akiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, huko juu Usambara Mashariki. Mimi nimekulia chini ya milima hiyo, nikaja kuujua kwa hasara.

Nitakachoeleza hapa ndicho ninachofanya sasa kila msimu.

Hatua ya 1: Kagua shamba mama, yaani unakokata mbegu, ukiwa umeinama

Wengi tunajua batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo. Majani machanga ya juu yanajikunja, yanakuwa na mabaka ya njano na kijani, na hata mtoto anaona. Kwa hiyo tumezoea kutazama kilele. Michirizi ya kahawia imegeuza mambo: dalili zake zinakaa kwenye majani yaliyokomaa, ya chini, na jani halijikunji. Ukipita umesimama wima utasifia shamba lililokwisha.

Inama, shika jani la chini, ligeuzie kwenye mwanga. Jani linalozeeka lenyewe huwa la njano lote sawasawa. Lenye ugonjwa, njano inafuata mishipa midogo, inatawanyika pembeni kama unyoya, na katikati ya mishipa kijani bado kipo. Ukiishaiona mara moja huisahau. Halafu tazama shina pale lilipo bado la kijani: kuna mistari ya kahawia? Ncha zimekauka?

Nenda muhogo ukiwa na miezi mitatu hadi sita. Ukisubiri kiangazi, majani ya chini yameshapukutika na ushahidi umekwenda nayo. Mimi napita kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe nyingine mbili, nakagua mashina 30.

Kama macho yako hayajazoea, kuna programu ya simu inayoitwa PlantVillage Nuru. Inazungumza Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo kwa mashamba yetu ni la maana kuliko uzuri wa picha zake. Usiipe jani moja ukaamini jibu. Ipe majani kadhaa ya shina lile lile, hata sita, kwa sababu dalili hazikai sawa kila jani.

Hatua ya 2: Pasua mizizi kabla hujakata mti

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, na ndiyo iliyoniumiza. Majani yanaweza kuwa safi mizizi ikawa imeharibika, na kinyume chake pia. Siku ya kukata mbegu, mwombe mwenye shamba mashina kumi hivi ya sehemu mbalimbali. Kila mzizi ukate vipande vya duara mahali kama patano, kuanzia kwenye kikonyo hadi mkiani. Ukikata mara moja tu katikati unaweza kupishana na baka.

Mwenye shamba atalalamika, na ana haki, kwa hiyo mlipe mizizi hiyo. Bibi mmoja wa jirani aliniangalia nikikata mihogo yake, akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, mbona mie naula miaka yote? Penye kutu nakata, natupa, panapobaki napika."

"Kula hakuna neno, bibi. Virusi hivyo havimdhuru mtu. Ila ukimpa mtu mti huu akapande, umempa na hiyo kutu."

Alinyamaza kidogo. "Basi nimewapa wengi."

Hatua ya 3: Jua aina yako inahimili au inakinza

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wauza mbegu wengi wanapochanganya. Aina inayokinza inavizuia virusi visizaliane vizuri ndani yake. Aina inayohimili, mfano Kiroba, inavipokea, inaishi navyo, na mizizi yake ukiivuna mapema inakuwa ya kuridhisha. Kwa mlaji ni neema. Kwa mzalishaji wa mbegu ni mtego, maana mti unaoonekana mzima unaweza kuwa ghala la virusi kwa jirani yake. Ndiyo maana hata ukiwa na Kiroba hatua ya 1 na ya 2 haziepukiki.

Asili ya ukinzani nayo inaturudisha Amani. Storey na baada yake Nichols na Jennings waliuchavusha muhogo na ndugu yake wa porini, mti wa mpira unaoitwa Manihot glaziovii, kisha wakachavusha uzao huo na muhogo tena na tena mpaka wapate mizizi inayolika. Kizazi cha kazi hiyo bado tunacho: aina ya Namikonga ya kusini mwa Tanzania, ambayo Wakenya wanaiita Kaleso. Mwaka 2016 watafiti waliosoma jenomu (DNA yote) za mihogo mingi walivikuta vipande vya ule mpira vimekaa ndani ya mihogo ya leo. Siku hizi wazalishaji wa aina mpya wanatumia alama za DNA zinazoashiria ukinzani kuchagua mche ukiwa bado mdogo, badala ya kungoja mwaka mzima waone mizizi.

Hatua ya 4: Kata pingili

Miti ya miezi minane hadi kumi na miwili. Acha ncha laini, acha na kitako kigumu, chukua kati. Pingili ya sentimita 20 hadi 25, yenye macho matano hadi saba. Ukikata maziwa yatoke. Yasipotoka mti umekauka. Panga liwe kali, na lifute kila unapohama aina. Kama miti ni michache, kata vipande vya macho mawili mawili, viotee kwanza kitaluni. Miti isiyopandwa siku hiyo isimamishe kivulini, kitako kikiwa kimegusa udongo wenye unyevu.

Hatua ya 5: Panda mbali na muhogo wa zamani

Ugonjwa unaenezwa na inzi weupe, lakini si kwa nguvu tunayodhani. Virusi vya batobato vinakaa ndani ya inzi kwa siku nyingi. Vya michirizi ya kahawia anavibeba kwa muda mfupi, kisha vinamtoka. Kwa hiyo anaambukiza karibu na alipotoka, na safari ndefu tunazifanya sisi, kwa lori na baiskeli. Umbali mdogo tu unakusaidia sana. Mimi natafuta mita 300 kutoka muhogo wowote, na napanda mvua za masika zinapoanza ili miche iwahi. Nafasi ni mita moja kwa nusu mita, maana nataka miti kuliko mizizi.

Hatua ya 6: Ng'oa bila huruma

Miezi mitatu ya mwanzo napita kila wiki mbili. Shina lenye dalili linatoka na mizizi yake, linafukiwa nje ya shamba. Pengo linabaki pengo. Usizibe kwa pingili ya kuokota. Msimu mmoja niling'oa mpaka mke wangu akauliza kama navuna.

Ukitaka kuuza kihalali, jisajili TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, mapema, kabla ya kupanda. Wengi wetu wa vijijini tunaanza na mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambalo mkulima mwenyewe hutangaza ubora wa mbegu yake, na mkaguzi huja shambani wakati mimea ingali na majani.

Siku ya mauzo sisemi sana. Mteja akifika nampa kisu, aingie shambani achague shina mwenyewe, alipasue.