Rétes: kuvuta unga wa strudel wa Kihungari kwa mikono

Wanaokuja kujifunza kwenye meza yangu hapa Budapest huwa na haraka ya kufika kwenye matufaha. Mimi huwarudisha kwenye donge la unga. Rétes, yaani strudel ya Wahungari (kitafunwa cha unga mwembamba sana unaoviringishwa na vya kujazia ndani, kisha kuokwa), hufaulu au huharibika kabla hujagusa vya kujazia, kwa hiyo sehemu kubwa ya somo hili ni unga na mikono yako.

1. Chagua unga. Madukani hapa kuna unga maalumu wa kazi hii, rétesliszt, wenye chembechembe unazozihisi ukiusugua vidoleni. Ukiukosa, tumia unga wa ngano wa mikate wenye protini nyingi. Ule laini wa keki utakuchanikia.

2. Kanda, kisha pigiza. Gramu 300 za unga, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikubwa 1 cha mafuta, kijiko cha chai 1 cha siki, na maji ya uvuguvugu kama mililita 170. Siki husaidia donge livutike bila kukatika. Likishashikana, linyanyue na ulibamize mezani kwa nguvu, tena na tena, kwa dakika kumi hivi. Mwanzoni litanata kila mahali, usiongeze unga. Litaacha kunata lenyewe, uso wake utang'aa, na ukilikata kwa kisu utaona vitundu vya hewa ndani.

3. Lipumzishe. Lipake mafuta, lifunike kwa bakuli lililopashwa moto, liache nusu saa au zaidi. Wengi hukosea hapa kwa kukosa subira. Gluteni (protini ya ngano inayofanya unga uvutike) iliyokazwa na kupigizwa inahitaji muda wa kulegea, na donge lisilopumzika hurudi nyuma kila ukilivuta.

4. Andaa vya kujazia. Kwa matufaha: kilo 1 yaliyokunwa na kukamuliwa maji, sukari, mdalasini na limau. Wahungari hujazia pia cheri chachu, mbegu za popi, au jibini nyeupe laini (túró) yenye zabibu kavu na ganda la limau. Ninayoipenda kuliko zote ni ya kabichi iliyokaangwa na pilipili manga nyingi. Ijaribu hata kama unaitilia shaka.

5. Vuta. Vua pete na bangili, kata kucha, funga madirisha maana upepo hukausha unga. Tandika kitambaa cha pamba juu ya meza unayoweza kuizunguka, kinyunyizie unga. Sukuma donge kidogo kwa kifimbo, lipake mafuta, halafu kifimbo kiweke kando. Hata kama umezoea kusukuma manda za sambusa, hapa wembamba hautoki kwenye kifimbo.

Kunja ngumi, ziingize chini ya unga, na uvute kwa migongo ya mikono kutoka katikati kwenda nje. Usitumie ncha za vidole. Vuta kidogo, sogea hatua, vuta tena, ukiizunguka meza. Unga ukianza kuonyesha maua ya kitambaa, uko karibu. Mabibi wa huku hutaka mtu aweze kusoma gazeti lililo chini ya unga huo. Tundu dogo liache, litafichwa na mikunjo. Kingo nene zinazoning'inia zikate zote, kwa sababu zikibaki zitakuwa ngumu baada ya kuokwa.

6. Kausha, paka, kunja. Subiri dakika chache tu, unga uache kunata lakini usianze kupasuka. Nyunyizia siagi iliyoyeyushwa kwa kuidondosha kutoka kwenye brashi, bila kusugua. Vijijini hutumia mafuta ya nguruwe; samli inafaa sawasawa. Tawanya semolina au chenga za mkate mkavu zinyonye maji ya matunda, panga matufaha kwenye ukingo mmoja, kisha inua kitambaa na uache unga ujiviringishe wenyewe. Bana ncha. Kata vipande vinavyoenea kwenye trei.

7. Oka. Paka siagi juu, oka kwa nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika 25 hadi 30, hadi iwe ya rangi ya dhahabu. Isubiri dakika kumi, kata kwa kisu cha meno, nyunyizia sukari ya unga. Iliwe siku hiyohiyo. Ikilala, ipashe kwenye oveni. Maikrowevu huifanya iwe laini kama mkate uliolowa.