Jinsi ya Kula Kondoo wa Kusuza Ukiwa Beijing: Maelezo kwa Msafiri Anayetoka Kisumu au Nakuru

Mtu aliyezoea kuingia kwenye bucha la Kisumu au Nakuru, akachagua paja la mbuzi linaloning'inia, akapimiwa kilo moja na kuketi akisubiri lichomwe na kukatwakatwa juu ya ubao, atashangaa akifika katika mkahawa wa kondoo wa Beijing, kwa kuwa huko nyama huletwa mezani ikiwa mbichi na mpishi huwa ni mlaji mwenyewe. Chakula hicho huitwa shuan yangrou. Maana ya shuan iko karibu sana na neno letu kusuza, na ndivyo inavyofanywa: kipande chembamba hutumbukizwa katika maji yanayochemka, hutikiswa kidogo, kisha hutolewa na kuliwa papo hapo. Neno yangrou hutumika kwa kondoo na mbuzi pia, lakini katika mikahawa hii utakachopewa kwa kawaida ni kondoo.

Kabla ya kuondoka nyumbani, weka kwenye simu programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila intaneti, kwa sababu huduma za Google zimefungwa Uchina, na menyu nyingi huwa kwa Kichina peke yake. Weka pia Alipay au WeChat na uiunganishe na kadi yako ya benki. Aliyezoea kulipa kwa M-Pesa hatapata shida, ila badala ya kuandika nambari ya till ataskani msimbo uliobandikwa mezani, na mara nyingi msimbo huohuo ndio unaofungua menyu na kupokea oda.

Msafiri Mwislamu atafute ubao wenye maandishi 清真, yanayosomwa qingzhen, ambayo huonyesha kuwa chakula ni halali. Hapati taabu sana, kwa kuwa upishi huu una mizizi mirefu miongoni mwa Waislamu wa jamii ya Hui. Donglaishun, mkahawa unaojulikana kuliko yote kwa chakula hiki, ulianzishwa na mtu wa jamii hiyo huko Beijing mwaka 1903.

Sufuria ya kienyeji ni ya shaba, na ina bomba katikati ambamo mkaa huwaka huku maji yakilizunguka. Usiliguse bomba hilo, wala usilipitishie mkono juu unapofikia sahani ya upande wa pili. Ndani ya maji utaona tangawizi, vitunguu vya majani na pengine kunazi kavu, basi. Wageni wengi hudhani wamepunjwa, wakaomba chumvi au pilipili. Ninawashauri wasubiri, kwa kuwa maji hayo ndiyo yatakayogeuka supu kadiri nyama inavyosuzwa humo. Sufuria yenye mchuzi mwekundu wa pilipili na viungo vinavyotia ulimi ganzi ni ya jimbo la Sichuan, na ingawa ni tamu kwa namna yake, humeza ladha ya kondoo kabisa.

Katika kuagiza nyama, watu wawili waanze na sahani mbili, kisha waongeze wakihitaji. Shangnao hutoka karibu na shingo, ni laini na ina mafuta kidogo, nayo inamfaa anayeanza. Huangguatiao hutoka mguu wa nyuma na haina mafuta mengi. Subiri maji yachemke sawasawa, kisha shika kipande kimoja au viwili kwa vijiti, uvisuze kwa sekunde kumi hivi hadi wekundu wote uishe. Kosa la kawaida la watu wetu, nami nililifanya, ni kumimina sahani nzima kwa mara moja kama mtu anayepika nyama ya karanga: maji hupoa, vipande hushikamana, vingine huwa vigumu kama ngozi na vingine hubaki vibichi. Vijiti vilivyogusa nyama mbichi visiingie mdomoni. Omba jozi ya pili, na kama vijiti vinakushinda, kijiko chenye matundu hakina aibu yoyote.

Mchuzi wa kuchovya ndio moyo wa mlo huu. Msingi wake ni simsim iliyosagwa ikawa uji mzito, na Mluo anayeijua nyim atajiona yuko karibu na kwao. Huchanganywa na tofu (jibini la soya) iliyochachushwa, ambayo ina chumvi nyingi, na maua ya vitunguu yaliyosagwa. Dania na mafuta ya pilipili unajiongezea mwenyewe. Anza na tofu kidogo, kwani ikizidi hakuna dawa. Pembeni utawekewa kitunguu saumu kilicholowekwa katika siki na sukari, ambacho hukata mafuta ya kondoo vizuri kuliko kachumbari.

Mboga hufuata nyama, hazitangulii: kabichi ya Kichina, uyoga, na tofu iliyogandishwa, ambayo ina matundu kama sifongo na hufyonza supu. Ile tofu iache dakika mbili hivi nje kabla ya kuila, kwa maana huhifadhi maji ya moto ndani na imeunguza ndimi nyingi. Ugali usiutarajie, nafasi yake huchukuliwa na shaobing, mkate mdogo wenye simsim juu, na tambi huingia sufuriani mwisho kabisa. Maji yakipungua, mhudumu huja na birika kuongeza.

Ukishiba, fanya kama wafanyavyo baadhi ya wenyeji: chota supu, uimimine katika bakuli lenye mabaki ya mchuzi wa simsim, ukoroge na unywe polepole. Kisha mwite mhudumu kwa neno maidan, yaani bili, na ulipe kiasi kilichoandikwa tu, kwa kuwa bakshishi haina desturi huko.