Likizo ya baridi ugenini: panga kabla hosteli haijabaki tupu

Usiku wa Desemba 23 nilisimama nje ya mlango wa hosteli yangu karibu saa nzima. Kila nikigusisha kadi, taa nyekundu. Baadaye niliambiwa kwamba kadi za wanafunzi wa kubadilishana ziliwekewa kikomo siku ya mwisho ya muhula, na ofisi ya makazi ilikuwa imefungwa mpaka baada ya mwaka mpya. Namba ya dharura nilikuwa nayo, lakini ndani ya simu, na simu ilikuwa imezimika. Nilitoka nayo ikiwa na chaji asilimia 30. Baridi kali hudhoofisha betri upesi. Aliyenifungulia ni jirani wa ghorofa ya juu aliyekuwa anashuka kutupa taka.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayejiandaa kubaki, anzia ofisi ya makazi kabla hujafikiria koti. Mwanzoni mwa Novemba waandikie barua pepe: hosteli itabaki wazi? Kadi yangu itafanya kazi mpaka tarehe ngapi? Hita zitaendelea kuwaka au zitapunguzwa? Nikipata shida usiku nampigia nani? Usiulize kwa mdomo tu, maana huyo aliyekujibu naye atakwenda likizo. Wakisema hosteli inafungwa, bado una wiki kadhaa za kutafuta pa kukaa, na vyuo vingi vina mpango wa kuwakutanisha wageni na familia za wenyeji. Namba ya dharura iandike kwenye karatasi, uiweke kwenye pochi.

Unataka kusafiri? Kabla ya kulipia tiketi, fungua pasipoti usome visa yako neno kwa neno. Kama ni ya kuingia mara moja na umeshaitumia, ukitoka huwezi kurudi nayo. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao) anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Lakini Uingereza na Ireland hazimo katika eneo hilo, na rafiki akikwambia "twende tu, ni karibu", ukaribu hausaidii kitu mpakani. Kibali kikiwa bado kinashughulikiwa, usivuke mpaka kabla hujapata jibu la maandishi kutoka ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Mavazi sina mengi ya kusema. Vaa tabaka tatu: ya ndani nyembamba isiyo ya pamba, kwa sababu pamba ikinywa jasho inabaki na unyevu na kukugandisha; kisha sweta; kisha koti lisilopitisha upepo. Buti ziwe na nafasi ya soksi nene, kwani mguu uliobanwa hupata baridi zaidi. Kwenye barafu tembea kama bata: hatua fupi, unyayo wote chini, mikono nje ya mifuko.

Baridi utaizoea. Giza ndilo linalotaka mpango. Kaskazini mwa dunia siku fupi kuliko zote huwa Desemba 21 au 22, na ukiwa kwenye latitudo ya 60, mwanga wa jua siku hiyo hudumu kwa muda usiofika saa 6. Ukilala mpaka adhuhuri, karibu nusu yake imeshakwenda. Wiki ya kwanza nililala hivyo, nikawa naamka jua linakaribia kuzama, usiku usingizi hauji, na siku zikachanganyika. Kilichonirudisha ni ratiba: saa 5 asubuhi niko nje, iwe mawingu au theluji, kwa dakika 40, saa 4 usiku niko kitandani. Ukiona huzuni haiondoki hata ukifanya hivyo, nenda kwa daktari au mshauri wa chuo. Usingoje muhula ufunguliwe.

Halafu kuna ukimya. Taa za korido yetu ziliwaka zenyewe zikihisi mtu anapita. Siku mbili nzima niliona zinawaka kwa ajili yangu peke yangu, na nikikaa chumbani nasikia zinavyozima, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa korido. Siku ya tatu nilibandika karatasi kwenye mlango wa jiko, "Nani amebaki?", nikafunga kalamu kwa uzi. Jioni ile kulikuwa na majina manne na namba za vyumba. Baada ya siku tatu tulikuwa tisa. Tulipika kwa zamu, na kila asubuhi kila mtu alituma ujumbe mmoja kwenye kundi, hata nukta tu. Asiyetuma kufikia saa 6 mchana, mmoja wetu alikwenda kumgongea. Ningeibandika karatasi ile siku ya kwanza kabisa, kabla hata masanduku ya wanaoondoka hayajatoka.

Ukialikwa na familia, kubali, na uliza waziwazi: nifike saa ngapi, nivae nini, nije na nini, mnapeana zawadi? Wenyeji hufurahi kuulizwa.

Simu ya nyumbani ipange mapema mchana wa sikukuu. Ukishakata, utalia kidogo. Vaa koti, teremka jikoni, ukamenye vitunguu na hao wenzako wanane.