Somo: Kufundisha kwa vishikwambi bila kutegemea bando

Walimu wenzangu, somo hili linazihusu shule za msingi zenye vishikwambi vichache na kompyuta mpakato moja inayofanya kazi, lakini zisizo na intaneti ya uhakika. Shule nyingi za Tanzania zimo katika hali hiyo, hasa tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vilipokabidhiwa kwa walimu.

Mara ya kwanza nilipoingia na kishikwambi darasani nilikusudia kuonyesha video ya mzunguko wa damu moja kwa moja kutoka mtandaoni. Bando likakata kabla video haijafika katikati, watoto 72 wakabaki wanatazama kiduara kikizunguka kwenye kioo, nami nikarudi kwenye chaki nusu ya kipindi ikiwa imeshapotea. Tangu siku hiyo ninashika jambo moja: kila kitakachoonyeshwa darasani kiwe kimeshafika shuleni kabla kengele haijagongwa.

Hatua ya kwanza: anza na mada

Fungua azimio la kazi na utafute mada ambayo ubao unashindwa kuieleza. Kwangu ilikuwa umeme. Ninachora betri, waya na taa, kisha naweka mshale kuonyesha mkondo unakopita. Mtoto anaunakili mshale ule vizuri kabisa bila kuamini kwamba kuna kitu chochote kinachotembea ndani ya waya. Mada ya namna hiyo inastahili kishikwambi. Kugawanya kwa njia ndefu hakustahili, kwa sababu ubao na daftari vinatosha, na ukilazimisha utakuwa unapamba kipindi tu.

Hatua ya pili: geuza kompyuta mpakato kuwa seva

Seva ni kompyuta inayotunza masomo na kuyagawa kwa vishikwambi. Programu ninayoitumia ni Kolibri, inayotolewa bure na shirika la Learning Equality la Marekani tangu mwaka 2017, na imetengenezwa mahususi kwa shule zisizo na intaneti. Inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na menyu zake zinapatikana kwa Kiswahili. Ipeleke kompyuta mahali penye intaneti nzuri, sakinisha programu, fungua akaunti ya msimamizi, kisha andika nywila yake katika daftari linalotunzwa na Mwalimu Mkuu. Nimeona seva nzuri ikikaa bila kazi muhula mzima kwa sababu mwalimu aliyeijua nywila alihamishwa.

Baada ya hapo pakua maudhui, ambayo yamepangwa katika chaneli. Kwa shule ya msingi ninapendekeza masomo ya Khan Academy ya Kiswahili, vipindi vya Ubongo Kids, hadithi za African Storybook na majaribio ya PhET, yaani majaribio ya sayansi yanayoigizwa kwenye kioo, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado. Usipakue chaneli nzima, maana baadhi ni kubwa mno. Weka alama kwenye vipengele unavyovihitaji muhula huu pekee. Ukimaliza, hamishia nakala kwenye flashi, na shule jirani itaweza kuyaingiza maudhui hayo kwenye Kolibri yake bila kununua bando.

Hatua ya tatu: ruta

Ruta ndiyo kifaa kinachoviunganisha vishikwambi na seva bila waya. Ya kawaida ya Wi-Fi inatosha, wala haihitaji laini ya simu. Unganisha seva na vishikwambi vyote kwenye Wi-Fi hiyo. Kwenye kivinjari cha kishikwambi andika anwani ya seva, kwa mfano http://192.168.1.10:8080, na ukurasa wa Kolibri utafunguka. Usipofunguka, mara nyingi ngome ya Windows (firewall), yaani ulinzi wa kompyuta dhidi ya miunganisho ya nje, ndiyo iliyozuia. Iruhusu Kolibri kwenye mtandao binafsi. Ingia pia kwenye mipangilio ya ruta uihifadhie seva namba yake isibadilike, kisha iandike namba hiyo kwa herufi kubwa kwenye manila na kuibandika ukutani.

Hatua ya nne: andaa darasa ndani ya Kolibri

Sajili makundi badala ya mtoto mmoja mmoja: Kundi la 1, Kundi la 2, na kuendelea, ukiruhusu wanafunzi kuingia bila nywila. Tengeneza somo lenye vipengele viwili, visizidi vitatu.

Hatua ya tano: kipindi chenyewe

Hapa ndipo pazito kuliko hatua zote zilizotangulia. Tuna vishikwambi 9 kwa watoto 72, yaani watoto 8 kwa kishikwambi kimoja, na katika hali hiyo wawili wanajifunza na sita wanasukumana. Kwa hiyo ninaligawa darasa nusu kwa nusu. Watoto 36 wanakaa wanne wanne kwenye vishikwambi, na 36 waliobaki wanapewa betri za tochi, vipande vya waya na balbu ndogo, wajaribu kuziwasha kwa mikono yao. Katika dakika 40, dakika 5 ni za kutoa maelekezo, 15 za kazi ya kwanza, 15 za kubadilishana, na 5 za kuulizana.

Kwenye kishikwambi, jaribio la PhET linamwonyesha mtoto vidoti vya buluu vikisimama pale waya unapoachia, na vikianza kutembea mara saketi inapofungwa. Akiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, betri inashika moto kwenye kioo, na kelele inayopigwa darasani siku hiyo huwa siizimi haraka. Ndipo ninapouliza kwa nini nimewakataza kufanya hivyo kwa betri halisi, na jibu linatoka kwao wenyewe: ni shoti.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo Mwalimu. Kwetu umeme hukatika karibu kila siku. Tufanyeje?

Marahaba. Chaji vishikwambi na kompyuta siku iliyotangulia, kwa zamu, wala usivirundike vyote kwenye ekstensheni moja ya bei rahisi. Kinachozimika kwanza ni ruta, kwa hiyo itafutie UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, inayolingana na volti zilizoandikwa kwenye lebo yake. Usiiunganishe ruta moja kwa moja na betri ya sola, kwa kuwa volti za betri hupanda inapochajiwa.

Majaribio mengine ya PhET yako kwa Kiingereza, na watoto wangu wa darasa la tano hawakielewi vizuri.

Baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili, kwa hiyo tafuta toleo hilo kwanza. Pale lisipokuwepo, andika ubaoni maneno sita au saba yanayoonekana kwenye kioo pamoja na maana zake, kama vile betri, swichi, waya, kipitishi na kihami, mwende kwa pamoja kabla ya kugawa vifaa.

Nafundisha Kenya. Tuna vifaa vya mpango wa serikali ulioanza kusambazwa mwaka 2016. Vitafaa?

Vitafaa ikiwa vivinjari vyake bado vinafungua kurasa za kisasa, kwa kuwa vifaa vya wanafunzi havihitaji kusakinishiwa Kolibri. Jaribu kimoja kwanza kabla hujapanga kipindi.

Mimi ni Mwalimu Mkuu. Nahofia watoto kufungua mambo yasiyofaa.

Ruta yetu haina intaneti, hivyo hakuna pa kwenda zaidi ya seva. Ondoa michezo iliyomo ndani ya vishikwambi, mteue mwalimu mmoja wa kuvitunza, na uwe na daftari la kuvitoa na kuvirudisha lenye sahihi.

Je, ufaulu umepanda?

Siwezi kusema kwamba umepanda kwa sababu ya vishikwambi, maana katika muda huohuo tulipata pia mwalimu mpya wa Sayansi. Ninachoweza kukueleza ni kile ninachokiona ninaposahihisha madaftari. Zamani nilipowaambia wachore saketi, wengi walichora waya mmoja kutoka kwenye betri hadi kwenye taa, wakaishia hapo. Sasa wengi wanaurudisha waya wa pili kwenye betri, na wapo wanaoweka vidoti njia nzima bila kuambiwa.